Yai la bata linataka maji

Ifikapo Septemba, Mto Katuma unaopita Sitalike hubaki madimbwi yaliyojaa viboko. Kijiji hiki kiko langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kusini mwa Mpanda, na kwa mfugaji ambaye bata wake ameatamia, miezi hiyo ya kiangazi ndiyo migumu zaidi. Hewa imekauka, na kifaranga wa bata bila unyevu hatoki kwenye ganda.

Bata wa vijijini kwetu, yule mwenye vinundu vyekundu usoni, ambaye hapigi kelele bali hukoroma tu, asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Mayai yake huanguliwa baada ya siku 35 hivi. Bata mweupe aina ya Pekin huchukua siku 28, kuku 21. Hapo ndipo mayai mazima hutupwa: mtu kahesabu siku za kuku, hakuona kifaranga, akadhani ni viza. Jamani, tusiyatupe kabla ya kuyapima! Usiku wa kumi, weka yai mbele ya tochi. Ukiona mishipa myembamba ya damu, lirudishe kiotani.

Mama mwenyewe anaijua kazi. Hutoka, akala, akaoga, kisha hurudi na majimaji kwenye manyoya. Unyevu huo huulinda utando ulio ndani ya ganda. Utando ukikauka, humnata kifaranga akafa akiwa tayari ameshalitoboa ganda, na hasara hiyo inauma kuliko yai lisilo na mbegu. Ndiyo maana nasisitiza beseni la maji karibu na kiota. Mtoni asiende, Katuma ina mamba. Kuku naye anaweza kuatamia mayai ya bata, lakini haogi. Kuanzia wiki ya pili yanyunyizie maji ya uvuguvugu kila siku.

Mayai ya kuatamisha yasizidi siku saba ghalani. Yakae penye ubaridi, kando ya mtungi, ncha iliyochongoka ikitazama chini, maana joto la Oktoba huweza kuanzisha ukuaji kabla ya wakati, na kiinitete kikadhoofika. Dume mmoja anatosha majike wanne au watano.

Vifaranga wakishatoka, ichunguze pumba. Sumu kuvu huwaua upesi mno. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa chakula chenye karanga zilizoota ukungu, na wanasayansi walioitafuta sumu hiyo waliipima kwa vifaranga wa bata, kwa vile kiasi kidogo tu huwadhuru. Mahindi au karanga zenye ukungu wasipewe hata kidogo, wala zisichanganywe na nzuri.

Chombo chao cha kunywea kiwe na kina cha kuzamisha pua, ili wazisafishe. Waliolelewa na kuku wasiachwe kuogelea mpaka waote manyoya kamili, kwani hawakupata mafuta ya manyoya ya mama bata, hulowa na kufa kwa baridi.