Bata Anapokunja Mguu

Ukipita Mbagala au Tandika wakati wa masika utakuta madimbwi ambayo kwetu ni kero, lakini kwa bata ni sikukuu. Jumapili moja, nikitoka ibadani, nilikwama kando ya dimbwi la mtaani kwetu hapa Temeke. Bata wa jirani walikuwa wakiogelea. Mchanga ulikuwa umetulia chini, maji yakawa maangavu, nikaitazama miguu yao.

Vidole vitatu vya mbele vya bata vimeunganishwa kwa ngozi nyembamba. Anaposukuma maji nyuma, vidole vinatanuka na ngozi ile inakuwa kasia. Hilo wengi tunalijua. Mimi sikuwahi kutazama kinachofuata: anapourudisha mguu mbele, anakunja vidole, ngozi inajikunja, mguu unapita majini ukiwa mwembamba. Angeuacha umetanuka, angejirudisha nyuma mwenyewe. Kwa hiyo mguu mmoja unasukuma huku mwingine umekunjwa, kwa zamu. (Nchi kavu miguu hiyohiyo humfanya ayumbe, watoto wakamcheka.)

Nikajiona. Wiki ile, baada ya kazi, nilikuwa na vikao viwili vya kamati ya harusi, mazoezi ya kwaya na mkutano wa kikoba. Kila siku nimetanuka. Asubuhi hiyo mwanangu mdogo alikuwa ameniuliza, “Baba, leo utakuwepo?” Hakuwa anatania.

Katika Marko 6:31 wanafunzi wametoka kazini, tena kazi ya Bwana mwenyewe, na watu wanaingia na kutoka hata nafasi ya kula hawana. Yesu hawaongezei kazi. Anawaita kando, mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo. Ukiendelea kusoma utaona kwamba umati uliwatangulia huko. Maandiko hayatufichi hilo.

Najua mama anayefunga genge Jumapili anapoteza fedha, na kodi ya chumba haingoji. Simlaumu. Lakini wewe na mimi, vikao vyetu vyote ni vya lazima?

Siku hiyo nilizima simu saa nane mchana. Kikao kiliendelea bila mimi, na harusi ilifungwa vizuri tu. Nilimchukua mwanangu tukarudi dimbwini. Aliniuliza kwa nini bata hawazami, na tukabaki pale mpaka mwenyewe akaja kuwaswaga bandani.