Ukaguzi wa wageni kazini usigeuke kero langoni

Tangu ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa kwa bomu mnamo Agosti 7, 1998, na hasa baada ya mashambulizi ya Westgate mwaka wa 2013 na hoteli ya DusitD2 mwaka wa 2019, ni nadra mtu kuingia ofisini jijini bila kusimamishwa langoni. Huulizwa jina, nambari ya kitambulisho na ya simu. Wakati mwingine kitambulisho chenyewe huzuiliwa hadi atokapo.

Hakuna anayepinga usalama. Hata hivyo, daftari lililoachwa wazi mezani humwezesha kila ajaye kusoma habari za waliomtangulia, nazo zaweza kumfaa tapeli.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamkinga mtu asidaiwe habari zake za kibinafsi pasipo sababu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo yamtaka anayekusanya habari achukue zile tu anazozihitaji, amweleze mwenyewe zitakavyotumiwa, na asizihifadhi kupita muda ufaao.

Je, utaratibu mwafaka ni upi?

Kwanza, mwenyeji ampe bawabu jina la mgeni wake mapema. Kitambulisho huonyesha mtu ni nani. Hakielezi amefuata nini. Hilo ni mwenyeji awezaye kulithibitisha.

Pili, kitambulisho kitazamwe, picha ilinganishwe na uso, kisha kirudishwe papo hapo. Mgeni apewe beji yenye tarehe, airudishe anapoondoka.

Tatu, kila mgeni aandikiwe kwenye karatasi yake, ihifadhiwe mahali pasipofikiwa na wapita njia. Orodha hiyo ina faida nyingine: moto ukizuka, itajulikana ni nani wangali ndani.

Nne, asiye na kitambulisho asifukuzwe. Huenda amekipoteza, au angali anakisubiri. Mwenyeji akishuka langoni kumdhamini, yatosha. Asiyeona au asiyejua kuandika naye asaidiwe bila kuaibishwa.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Lango linalozuia vitambulisho bila kuvitazama humuudhi mgeni mwema, huku mhalifu aliyebeba kitambulisho cha mwenzake akipita bila kutambuliwa.