Gari la Safari Ukingoni mwa Tana: Jipya au Mtumba?

Novemba 2023, mvua za El Niño ziliikata barabara kati ya Garissa na Madogo. Abiria walivushwa kwa boti. Anayetaka gari la kutembelea kingo za mto Tana, kutoka Kora alikoishi George Adamson, mlezi wa simba, hadi kuuawa kwake mwaka 1989, kupitia Nanighi na kuishia kwenye hifadhi ya mbega wekundu iliyotengwa mwaka 1976, aanze kwa kuyafikiria maji hayo. Bei ije baadaye.

Nyumba za magurudumu kama zile za Marekani ni adimu huku. Hizo zina usukani wa kushoto, na sheria ya Kenya hairuhusu kusajili gari la namna hiyo, isipokuwa la kazi maalumu. Ndiyo maana wapenda safari hununua Land Cruiser au Hiace, kisha fundi huweka godoro, tangi la maji na hema juu ya paa.

Land Cruiser pikapu mpya huunganishwa Mombasa, na vipande vinavyoletwa kwa kazi hiyo havilipiwi ushuru wa forodha kama gari zima. Hata hivyo bei yake bado ni nzito. Jipya huja na dhamana, jambo la faraja, lakini gereji zinazoitambua dhamana hiyo ziko mbali na Nanighi, na ukitoboa paa kufunga hema unaweza kuipoteza.

Mtumba kutoka Japani una masharti yake. Gari haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane, na tangu Julai 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35, kabla ya kodi nyingine. Muuzaji aombwe karatasi ya mnada. Herufi R au RA hapo humaanisha kwamba gari liliwahi kugongwa likatengenezwa.

Kwa barabara hizi, Land Cruiser kuukuu iliyotunzwa ni chaguo la busara zaidi. Ikiwa na injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, haitegemei kompyuta. Gari likizima porini, fundi wa kituo cha karibu ana uwezo wa kulifungua na kujua tatizo, na vipuri vyake havina shida kupatikana. Gari jipya lenye vihisio tele litasubiri fundi mwenye kompyuta kutoka mjini, familia ikiwa imekaa juani.

Gari lililotembea humu nchini lichunguzwe kwa ukali zaidi, maana huenda lilishazama katika mafuriko. Mnunuzi ainue zulia atafute tope kavu, apapase reli za viti kama zina kutu, afungue taa aone ukungu. Kisha atafute namba ya gari katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama, ajue mwenye gari ni nani na kama benki bado inalidai. Pesa asitoe kabla ya kulala chali chini ya chasisi, mchana, fundi wake akiwa kando.