Ukinunua inveta, anza na hesabu ya betri

UMEME ukikatika usiku, hasara ya mfugaji mwenye mashine ya kutotolea vifaranga haiko kwenye giza. Mayai ya kuku yanahitaji joto la nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21, na yakipoa kwa saa nyingi vifaranga hufia ndani ya ganda.

Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya Bwawa la Mtera na mgawo wa umeme ukaingia Tanzania, wenye uwezo walikimbilia jenereta. Leo wengi huulizia inveta, kwa kuwa haina kelele wala haidai petroli.

Inveta haitengenezi umeme. Huchukua umeme wa betri, kwa kawaida volti 12, na kuufanya wa volti 230 unaotumika nyumbani. Yenye chaja ndani huijaza betri umeme unaporudi. Hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea: dukani huuliza wati za inveta na kusahau betri. Inveta ya wati 1,000 kwenye betri ndogo ni sawa na pampu kubwa kwenye kisima chenye maji kidogo.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi ikitumiwa zaidi ya nusu kila mara hufa mapema. Ukitoa na kinachopotea ndani ya inveta, zinabaki wati-saa 500 hivi. Mashine ndogo ya vifaranga inayokula wastani wa wati 60, pamoja na taa mbili za wati 10, itakwenda saa sita. Familia ikiwasha televisheni ya wati 80 iangalie mpira, saa hizo zinabaki tatu. Pasi na birika la umeme visiguswe kabisa. Friji nayo huvuta mara kadhaa ya wati zake mota inapoanza, hivyo inveta ndogo huzima.

Betri ya gari ni rahisi kupatikana, ila imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiimaliza kila usiku haitadumu. Afadhali betri ya sola. Ya lithiamu ni ghali zaidi, lakini huweza kutumika hadi asilimia 80 na hudumu miaka mingi zaidi.

Kujaza ampea-saa 50 kwa chaja ya ampea 10 huchukua saa tano au zaidi. Umeme ukirudi kwa saa mbili tu kwa siku, inveta peke yake haitatosha.

Wapo mafundi wanaochomeka inveta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Ni hatari kubwa. Swichi kuu isipozimwa, umeme hutoka hadi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi anayetengeneza laini. Ukirudi, inveta huungua. Dai swichi ya kubadilishia umeme, isiyoruhusu njia mbili kwa pamoja. Betri ya maji isikae chumba cha kulala, kwani inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka, na ijazwe maji ya betri, si ya bomba.