Utetezi wa Hospitali za Wanyonge Nchini Marekani

Nchini Marekani, hospitali ambazo ni kimbilio la wagonjwa wasio na bima wala fedha, kama Grady ya Atlanta na Parkland ya Dallas, hupata sehemu kubwa ya mapato yake kwa viwango vinavyowekwa na Bunge na wizara ya afya, si na soko. Kwa hiyo chama kinachozisemea mjini Washington, America's Essential Hospitals, kilichoanzishwa mwaka 1981 na chenye wanachama zaidi ya 300, ni sehemu ya uchumi wa hospitali hizo.

Sheria ya mwaka 1986 huzilazimu hospitali zinazolipwa na Medicare, yaani bima ya serikali ya wazee, kumchunguza na kumtibu kila mgonjwa wa dharura hadi hali yake itengemae, awe na uwezo wa kulipa au asiwe nao. Lakini haikutenga fedha za kufidia kazi hiyo. Pengo huzibwa kwa ruzuku za hospitali zenye maskini wengi, na kwa mpango wa mwaka 1992 ambapo viwanda vya dawa huziuzia hospitali hizo dawa kwa punguzo, bima hulipa bei ya kawaida, na tofauti inayobaki hugharamia wasio na chochote.

Tofauti hiyo ndiyo inayogombewa. Viwanda vya dawa hudai kuwa hospitali hazionyeshi wazi zinavyoitumia, hoja yenye uzito ambayo watetezi wangepaswa kuijibu kwa hesabu. Hata hivyo, wizara ilipopunguza malipo ya Medicare kwa dawa hizo kwa karibu asilimia 30 mwaka 2018, chama hicho na wenzake walifungua kesi, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ikaona wizara imekiuka sheria. Fidia yake ikafikia dola bilioni 9.

Bungeni mafanikio ni ya kuahirisha tu. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 ilipanga kupunguza ruzuku hizo kwa kutarajia wasio na bima wapungue, ilhali Texas na Georgia, majimbo ya Parkland na Grady, zilikataa kupanua kikamilifu Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini. Tangu hapo punguzo limesogezwa mbele mara nyingi, na hakuna hospitali inayoweza kupanga ajira za miaka kumi kwa fedha za namna hiyo. Sheria ya Julai 2025 imeibana zaidi Medicaid, na ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kuwa takriban watu milioni 10 zaidi watakosa bima ifikapo mwaka 2034, wakati wajibu wa kuwapokea katika vitengo vya dharura ungali palepale.