Mafuta, Shahamu na Lehemu: Istilahi za Dondoo za Mimea na Umetaboli wa Wanyama

Miongoni mwa sentensi zinazowafikia wafasiri mara kwa mara ni ile isemayo kwamba dawa fulani ya mmea "hupunguza mafuta mwilini". Kiswahili chake ni sahihi, lakini haimwelezi msomaji jambo la hakika. Ni mafuta yapi? Yanapunguzwa kwa njia gani? Tena, mwili unaosemwa ni wa panya au wa binadamu? Katika makala haya tunakusudia kueleza namna dondoo za mimea zinavyoathiri mafuta katika miili ya wanyama, na kuonyesha istilahi zinazofaa kwa kila hatua.

Tuanze na neno mafuta. Neno hili limebeba mzigo mkubwa: kuna mafuta ya taa, ya kupikia, ya kujipaka na ya nyama. Kwa maandishi ya sayansi tunapendekeza lipidi iwe jina la jumla. Shahamu itumike kwa mafuta ambayo mnyama huyaweka akiba chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya ndani. Lehemu nayo itumike kwa kolesteroli, yaani lipidi ifananayo na nta, ambayo ini huitengeneza na ambayo pia hupatikana katika nyama na mayai. Mafundi watatukumbusha kwamba lehemu ni kitu cha kuungia bati. Ni kweli, lakini muktadha hutenganisha maana hizo mbili. Mfasiri mwenye shaka na ataje kolesteroli mara ya kwanza.

Neno dondoo limetokana na kitenzi dondoa, yaani kuokota kimoja kimoja kama kuku aokotavyo punje. Walimu wa fasihi wamelizoea kwa maana ya sehemu iliyoteuliwa ya maandishi. Mtaalamu anayeloweka mizizi katika maji au spiriti, akachuja, akabaki na kemikali anazozitaka, naye ameteua. Kwa hiyo neno linafaa, ila lisitumiwe kwa unga wa majani au mmea mzima, kwa sababu kipimo cha kimoja si kipimo cha kingine.

Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemikali yanayoendelea katika mwili wenye uhai. Kwa upande wa lipidi, dondoo yaweza kugusa mojawapo ya hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ufyonzaji. Mnamo 1951 mtafiti D. W. Peterson wa Marekani alieleza kwamba vifaranga waliolishwa lehemu pamoja na steroli za soya hawakupandwa na lehemu katika damu na ini kama ilivyotarajiwa. Sababu ni kwamba steroli za mimea zafanana na lehemu. Zikiwa utumboni hugombea nafasi katika vitone vidogo vya nyongo vinavyobeba lehemu, na lehemu iliyokosa nafasi hutoka na kinyesi.

Hatua ya pili ni usanisi, yaani utengenezaji. Ganda la tunda la Garcinia cambogia, litumiwalo kutia ukali katika mchuzi kusini mwa India, lina asidi ya hidroksisitriki. Majaribio ya panya yaliyofanywa karibu na mwaka 1970 yalionyesha kwamba asidi hiyo huzuia kimeng'enya ambacho ini hukihitaji ili kugeuza ziada ya wanga kuwa asidi za mafuta.

Hatua ya tatu ni uvunjaji. Mzizi wa Coleus forskohlii, mmea unaoota India na hata Afrika ya Mashariki, una forskolini. Katika maabara kemikali hii huziamsha seli za shahamu za panya, nazo huivunja akiba yao na kuachia asidi za mafuta.

Sasa msomaji ataona hatari ya sentensi tuliyoanza nayo. Steroli za mimea, kiasi cha gramu 2 kwa siku, huweza kushusha lehemu ya aina ya LDL katika damu ya binadamu kwa karibu asilimia 10. Lakini hazimpunguzii mtu shahamu. Asidi ya hidroksisitriki ilifanya kazi katika ini la panya. Lakini jaribio la wiki 12 kwa watu 135, lililochapishwa mwaka 1998, halikuona kwamba waliopewa dondoo hiyo walipungua uzito kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mgonjwa akisoma tu kwamba "hupunguza mafuta", aweza kununua kisichomfaa, au kuacha dawa aliyoandikiwa na daktari.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila sentensi ya namna hii itaje mambo matatu: lipidi inayohusika, hatua ya umetaboli, na mnyama aliyejaribiwa. Badala ya "soya hupunguza mafuta", tuandike: "steroli za soya hupunguza ufyonzaji wa lehemu katika utumbo wa vifaranga." Sentensi hii ni ndefu zaidi, lakini mwalimu aweza kuifundisha, na mtumishi wa serikali anayeidhinisha maandishi ya kibandiko cha dawa aweza kuitia sahihi bila hofu.