Istilahi za Mtihani wa Kiswahili na Mwanafunzi wa Mpakani: Hali ya Busia na Malaba

Aghalabu mtihani wa lugha huchukuliwa kuwa kipimo cha lugha yenyewe. Mwanafunzi akishindwa kujibu swali la Kiswahili, husemwa kwamba Kiswahili kimemshinda. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika miji ya Busia na Malaba iliyo upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda, kauli hiyo huchanganya mambo mawili: ujuzi wa lugha, na ujuzi wa msamiati ambao mtihani huutumia kuulizia juu ya lugha. Mambo hayo ni ndugu, lakini si pacha.

Sehemu hizi zilihesabiwa kuwa katika Jimbo la Mashariki la Uganda hadi mwaka 1902, jimbo hilo lilipohamishiwa upande wa Kenya. Kwa hiyo jamaa wa ukoo mmoja wanaishi pande zote mbili. Wasamia, Wakhayo, Wamarachi na Wanyala husema lugha za jamii ya Kiluhya. Kaskazini, kuelekea Amagoro na Malaba, ni Wateso, ambao lugha yao ni ya Kinailoti na haina udugu wowote na lugha za Kibantu. Waluo nao wamo. Juu ya lugha hizo zote kuna Kiswahili cha soko, cha misururu ya malori, cha mawakala wa forodha na wabadilishaji wa fedha. Mtoto wa Malaba hukisikia kabla ya kuingia shule. Tena hukisikia kikitumiwa kwa kazi nzito: kulalamikia ushuru, kumsadikisha askari, kupatana bei ya gunia la maharagwe. Hata neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika ya Mashariki nzima, asili yake huelezwa kuwa ni wachukuzi wa baiskeli wa Busia waliowavusha abiria kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Mahali palipoipa lugha neno kama hilo hapawezi kuitwa mahali pasipo na Kiswahili.

Mtihani, hata hivyo, haukutoka sokoni. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza Kiswahili kifanywe somo la lazima, na utaratibu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 pendekezo hilo likatekelezwa. Mtihani wa KCPE ulianza mwaka huo huo, na wa KCSE ukafuata mwaka 1989. Ghafla shule za nchi nzima zilihitaji maneno ya kutaja sehemu za sentensi, aina za insha na hatua za uhakiki. Mengi yalitoka katika vitabu vya sarufi na kazi za wataalamu wa Dar es Salaam, mengine yakaundwa au kuchaguliwa na waandishi wa vitabu vya shule nchini Kenya. Yalishuka kutoka vitabuni kwenda darasani. Hayakupanda kutoka katika usemi. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umeondoa KCPE, ambayo ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini umezidisha istilahi badala ya kuzipunguza.

Baadhi ya istilahi hizo ni ngeni kabisa kwa mtoto wa mpakani, na ugeni huo si hatari kubwa. Akifisha ni mfano. Neno hili halisikiki popote nje ya darasa. Mwanafunzi akilikuta hujua mara moja kwamba halijui, naye aliyefundishwa vema hulikumbuka kama anavyokumbuka jina la mtu. Yakinisha na ainisha ni ya kundi hilo hilo.

Hatari iko katika maneno ambayo mwanafunzi anayajua, au anadhani anayajua. Chukua kanusha. Mpakani neno hili si geni: mtu aliyekamatwa na magendo hukanusha mashtaka. Maana yake hapo ni kukataa kwamba jambo lilitendeka. Sasa mtihani unasema: Kanusha sentensi hii, "Dereva amevuka mpaka." Jibu linalotakiwa ni "Dereva hajavuka mpaka," yaani mwanafunzi aondoe kiambishi -me- cha hali timilifu, aweke -ja-, na kubadilisha kiambishi cha nafsi. Mwanafunzi anayefuata maana ya kituo cha polisi anaweza kuandika, "Si kweli kwamba dereva amevuka mpaka." Sentensi hiyo ni Kiswahili safi, na kwa mantiki ndiyo kanusho kamili kuliko ile ya kwanza, lakini haitapata alama. Kilichokosekana hapo si sarufi. Ni makubaliano kwamba darasani kukanusha ni kazi ya viambishi.

Neno anwani lina mtego wa namna hiyo. Swali la ufahamu huagiza: Ipe taarifa hii anwani mwafaka. Kwa watu wanaopokea na kutuma mizigo kila siku, anwani ni mahali kitu kinapopelekwa, yaani sanduku la posta na mji. Kwa mtahini ni kichwa cha habari. Nyambua vilevile: jikoni ni kuchana kitu kinyofu kama mkate au nyama, na darasani ni kuongeza viambishi kwenye mzizi wa kitenzi, kinyume kabisa cha kuchana. Hakiki ni kazi ya ofisa wa forodha anayelinganisha hati na shehena. Katika fasihi ni kazi ya msomaji anayepima riwaya. Mfano huu wa mwisho, kwa bahati njema, unaweza kuwa daraja badala ya shimo. Ofisa halaumu wala hasifu shehena. Hutazama kilichoandikwa, akatazama kilichomo, kisha akasema kama vinaafikiana. Mwalimu wa Malaba anayeanzia hapo hana haja ya fasili ndefu ya uhakiki. Ndivyo ilivyo kwa chambua, ambalo kila mtoto aliyeketi mbele ya ungo wa maharagwe analijua kwa vidole vyake.

Kuna pia istilahi ambazo maana yake imekuwa kama mkataba kati ya mtahini na mtahiniwa. Swali la fasihi linaposema "Eleza muktadha wa dondoo hili" na kutoa alama nne, haliombi maelezo ya jumla. Linataka mambo manne: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Hakuna kamusi itakayomwambia mwanafunzi hivyo. Jadili nayo haitaki mazungumzo. Yataka hoja, kila moja na ushahidi wake. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo, anayesoma historia na jiografia kwa Kiingereza, huijua kazi hiyo kwa jina lake la Kiingereza na kuitenda barabara. Ujuzi anao, haujavuka kutoka lugha moja hadi nyingine.

Suala la ngeli linastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa ndipo tofauti za lugha za kwanza huonekana. Mtoto wa Kikhayo au wa Kisamia anasema omundu na abandu nyumbani. Upatanisho wa ngeli anao mwilini, na anachohitaji ni jina lake tu. Mtoto wa Kiteso anatoka mahali pengine. Katika lugha yake Etesot ni mwanamume wa Kiteso, Atesot ni mwanamke, na Iteso ni wengi wao: kiambishi cha mwanzo kinasema jinsia na idadi. Akiambiwa kwamba Kiswahili hupanga nomino katika A-WA, KI-VI, LI-YA, hapewi jina la kitu anachokijua, bali anapewa kitu na jina lake kwa pamoja, tena jina lenyewe linaanza kwa A ambayo kwake ni alama ya kike. Zaidi ya hayo, Kiswahili cha soko alichozoea hulegeza upatanisho; "ile kitabu" na "hii mtoto" husikika kila kona na kueleweka. Kumfundisha watoto hawa wawili kwa somo moja na kasi moja ni kumpa mmoja marudio na mwingine fumbo.

Vitabu navyo havikubaliani. Katika rafu moja ya shule mwanafunzi ataona jina na nomino, sifa na kivumishi, muhtasari na ufupisho. Ngeli ataziona zikiitwa M-WA kwa kufuata umbo la nomino, na A-WA kwa kufuata upatanisho wa kitenzi. Kwa mwanaisimu huu ni mjadala wa nadharia wenye faida. Kwa mtoto wa miaka kumi na minne ni orodha mbili za kukariri, asijue kwamba zinataja kitu kimoja.

Kwa watoto waliosomea upande wa Uganda pengo ni pana zaidi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini humo una Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii, Kiswahili hakimo. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2020 ndio uliokifanya cha lazima katika miaka miwili ya kwanza. Mwanafunzi wa namna hiyo akiingia shule ya Busia, Kenya, huenda akaongea vizuri sawa na jirani yake wa dawati, na bado asielewe hata agizo moja katika karatasi.

Karatasi ya pili ya KCSE ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimu jamii 10. Nusu nzima, basi, imo katika sehemu ambayo maagizo yake ni mafupi na istilahi zake ni nyingi kuliko zote. Si lazima istilahi ziondolewe. Mwanafunzi wa sekondari anastahili kujua kishazi ni nini. Lakini mtunzi wa karatasi za shule anaweza kupima jambo moja kwa wakati mmoja. Anayetaka kujua kama mwanafunzi anaweza kubadilisha -me- kuwa -ja- na aweke mfano mmoja uliotendwa chini ya neno kanusha. Anayetaka kujua kama mwanafunzi anajua maana ya neno kanusha na aliulizie neno hilo peke yake, na alipangie alama zake.